Shajara ya mradi: kutafuta dirisha la fosjenaiti

6 Februari

Mradi huu umezaliwa na swali moja. Risasi ipo kwenye mitapo ya kila bara. Chumvi imejaa baharini na kwenye maji ya ardhini ya nchi kame. Kabonati hutokea popote hewa inapokutana na maji. Iweje basi fosjenaiti, madini yanayokusanya vitu hivyo vitatu katika fuwele moja, yawe adimu kiasi hiki? Serusaiti, ambayo ni kabonati ya risasi isiyo na klorini, hupatikana karibu kila mgodi wa zamani wa risasi. Fosjenaiti ni ya kuhesabu migodi kwa majina.

Nataka mwishoni niwe na chati moja inayoonyesha ni katika hali gani fosjenaiti hutulia (hilo ndilo ninaloliita dirisha lake), na ni wapi inaposhindwa na madini mengine. Kabla ya chati, nataka kupima kipande halisi, kwa sababu sipendi kuchora mipaka ya kitu ambacho sijakishika. Mwalimu wangu wa jiolojia amekubali kuniazima kimoja chenye lebo ya Monteponi, mgodi wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia, ambako zimetoka baadhi ya fuwele nzuri kuliko zote zinazojulikana.

Nimeanza na fomula: Pb2CO3Cl2. Ukiigeuza kuwa uzito, risasi ni asilimia 76, klorini 13, na kabonati 11. Robo tatu ya jiwe linalopitisha mwanga ni metali. Hilo pekee linatosha kumfanya mtu aendelee kusoma.

9 Februari

Leo nimekaa na vipimo vya chembe msingi ya fuwele, yaani kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani yake. Fosjenaiti ni ya mfumo wa tetragonali: pande mbili za chembe zinalingana, angstromu 8.16 kila moja (angstromu 1 ni sehemu moja ya milioni 10 ya milimita), na wima wake ni 8.88. Muundo wake ulitatuliwa na Sillén na Pettersson mwaka 1944, ukaja kuboreshwa na Giuseppetti na Tadini mwaka 1974. Ndani ya kila chembe msingi mna fomula 4 za Pb2CO3Cl2.

Kwa taarifa hizo mtu anaweza kupata msongamano wa jiwe bila kuligusa. Ujazo ni 8.16 × 8.16 × 8.88, yaani angstromu za ujazo 591. Fomula moja ina uzito wa 545.3, mara 4 ni 2181. Ukigeuza vipimo kuwa gramu na sentimita, unapata gramu 6.13 kwa kila sentimita ya ujazo. Vitabu vya madini navyo hutaja 6.12 hadi 6.15. Kwatz, kwa kulinganisha, ni 2.65.

Namba hiyo nimeiandika kwa wino mwekundu, maana ndiyo itakayoamua kama kipande nitakachoazimwa ni chenyewe. Serusaiti ina 6.55. Anglesaiti, ambayo ni salfeti ya risasi, ina 6.38. Kwa macho, yote matatu huweza kuwa meupe au ya kijivu, yenye kung'aa kama almasi, na huishi jirani katika migodi ileile.

14 Februari

Kipande kimefika. Ni fuwele moja fupi, nene, iliyovunjika upande wa chini, rangi yake ni ya asali iliyozimuliwa kwa maji mengi. Kitu cha kwanza kinachokushtua ni uzito. Mkono unatarajia kioo, unapokea metali.

Nimekaa nacho dirishani na lenzi ya kukuza mara 10. Uso wa juu ni bapa na mraba, kona zake zimekatwa kidogo na nyuso nyembamba za mshazari. Kwenye sehemu iliyovunjika kuna ngazi ndogondogo tambarare zinazofuata uso wa juu, na nyingine zinazoshuka wima kandokando ya prizimu. Huo ndio mpasuko wake wa kawaida, na ni dalili nzuri, kwa kuwa serusaiti hupasuka ovyo zaidi na mara nyingi fuwele zake huwa pacha, zimeshikana kama nyota au kimia. Hapa hakuna upacha wowote.

Mng'aro wake una mafuta kidogo kwenye kingo na ukali wa almasi kwenye nyuso safi. Chanzo ni uwezo mkubwa wa kupinda mwanga: faharasa ya mpindo ni 2.12 upande mmoja na 2.15 upande mwingine, wakati kioo cha kawaida ni karibu 1.5 na almasi 2.42. Mwanga ukiingia ndani ya jiwe hili hutoka kwa shida, ndiyo maana kingo zinawaka hata siku ya mawingu.

Ugumu ni 2 hadi 3 kwa kipimo cha Mohs. Sijaukwaruza uso mzuri. Nimegusa ncha ya sindano mahali palipovunjika, ikaacha mfereji laini usiomeguka. Fosjenaiti hukatika kwa kisu bila kumeguka, jambo lisilo la kawaida kwa jiwe lenye kabonati. Serusaiti ingetoa vumbi na vipande.

Usiku nimeiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno. Imewaka manjano, njano iliyokolea iliyojaa jiwe zima. Inapendeza kuliko ninavyoweza kuandika, lakini kama ushahidi haifai sana: serusaiti nayo huwaka njano.

15 Februari

Siku ya mizani. Nimefunga fuwele kwa uzi mwembamba, nikaipima hewani, kisha ikiwa imezama kwenye bilauri ya maji. Kabla ya kusoma namba nimesugua uso kwa brashi laini ndani ya maji ili viputo vya hewa vitoke, kwa sababu kiputo kimoja tu hupunguza uzito wa ndani ya maji na kuushusha msongamano unaoutafuta.

Hewani: gramu 14.72. Majini: 12.31. Tofauti 2.41, na 14.72 ukigawanya kwa 2.41 ni 6.1.

Ingekuwa serusaiti, tofauti ingekuwa 2.25. Ingekuwa anglesaiti, 2.31. Mizani yangu husoma hadi gramu 0.01, kwa hiyo nafasi ya kuchanganya haipo. Nimefurahi sana.

Mikono inanawiwa kwa sabuni kila baada ya kuishika. Meza ya kazi hii si meza ya chakula, na vumbi linafutwa kwa kitambaa chenye maji, halifagiliwi. Risasi hukaa mwilini miaka mingi, na watoto ndio huumia zaidi.

22 Februari

Msongamano unasema ndiyo, ila nilitaka klorini yenyewe ijitokeze. Maabarani, kwa ruhusa na kwa glavu, tumechukua punje ndogo iliyokuwa imeshaanguka kutoka upande uliovunjika, tukaidondoshea asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Imetoa viputo taratibu, ikayeyuka yote. Viputo ni hewa ukaa inayotoka kwenye kabonati. Hadi hapo hata serusaiti ingefanya vivyo hivyo.

Kisha matone mawili ya nitreti ya fedha. Myeyusho uliokuwa wazi umeganda wingu jeupe zito papo hapo, na baada ya kukaa kwenye mwanga limeanza kuwa la kijivu cha zambarau. Hiyo ni kloraidi ya fedha. Serusaiti safi isingetoa wingu hilo. Masalio yote yameingia kwenye chupa ya taka za risasi, hakuna kilichomwagwa kwenye sinki.

Utambulisho umekamilika. Sasa naingia kwenye kazi niliyoikusudia.

3 Machi

Chanzo cha karibu risasi yote ya juu ardhini ni galena, PbS. Hewa na maji vikiifikia, salfa huoksidishwa na kupatikana anglesaiti: PbS + 2O2 → PbSO4. Maji yenye kabonati yakipita, anglesaiti hugeuka serusaiti. Migodi mingi huishia hapo.

Fosjenaiti inahitaji hatua moja zaidi, nayo naweza kuiandika hivi:

2PbCO3 + 2Cl⁻ + 2H⁺ → Pb2CO3Cl2 + CO2 + H2O

Nimeitazama hesabu hii kwa muda mrefu, kwa sababu kila herufi yake ina amri. Kloraidi lazima iwe nyingi. Asidi kidogo inahitajika ili kusukuma mbele. Na hewa ukaa iko upande wa kulia, maana yake ikizidi inarudisha kila kitu kwenye serusaiti. Jiwe lenye kabonati ndani yake linasumbuliwa na wingi wa kabonati! Sababu ni kwamba serusaiti inabeba kabonati mbili kwa risasi mbili, fosjenaiti moja tu.

Ukiongeza asidi na chumvi kupita kiasi, kabonati ya mwisho nayo hufukuzwa, ikabaki kotunaiti, kloraidi tupu ya risasi:

Pb2CO3Cl2 + 2Cl⁻ + 2H⁺ → 2PbCl2 + CO2 + H2O

Na kuna mlango wa tatu. Hewa ukaa ikiwa haba, maji yenyewe huchukua nafasi yake, inazaliwa laurionaiti:

Pb2CO3Cl2 + H2O → 2PbClOH + CO2

Angalia hiyo ya mwisho. Hakuna kloraidi huru, hakuna asidi. Mpaka kati ya fosjenaiti na laurionaiti hauamuliwi na chumvi wala na pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi), unaamuliwa na hewa ukaa peke yake. Kwenye chati utakuwa mstari ulionyooka. Nimeusoma usemi huo ukiwa umefichwa ndani ya majedwali, lakini kuuona ukitoka kwenye kalamu yangu ni jambo jingine.

Kwa hiyo fosjenaiti imezungukwa: serusaiti upande mmoja, kotunaiti upande wa pili, laurionaiti upande wa tatu.

10 Machi

Namba. Nimetumia mazao ya umumunyifu (namba zinazoonyesha madini huyeyuka kwa kiasi gani majini) yaliyomo kwenye hifadhidata za kikemia, kwa nyuzi 25 za Selsiasi: logi ya serusaiti ni takribani -13.1, ya kotunaiti -4.8, ya fosjenaiti -19.8. Kwa hewa ukaa nimechukua asilimia 1, kiwango cha kawaida cha hewa iliyo ndani ya udongo. Kwa chumvi nimechukua maji ya bahari, nikipunguza kloraidi hadi ukolezi wake unaofanya kazi, karibu moli 0.35 kwa lita.

Mpaka wa serusaiti na fosjenaiti umeangukia pH 6.4. Mpaka wa fosjenaiti na kotunaiti, pH 4.5. Dirisha la fosjenaiti lina upana wa karibu pH 2.

Halafu nimebadilisha chumvi na hewa ukaa nione dirisha linavyotanuka na kusinyaa. Halitanuki wala halisinyai. Linahama tu. Kila ukipunguza kloraidi mara 10, dirisha zima linashuka kwa pH 1. Kila ukiongeza hewa ukaa mara 10, linashuka kwa 0.5. Upana unabaki uleule, kwa kuwa mipaka yote miwili inabeba kloraidi mbili na asidi mbili, inatembea sambamba.

Jambo hili lilinikaa kichwani siku nzima. Kama dirisha ni pana kiasi hicho kila mahali, basi jibu la uhaba haliko kwenye upana. Nikaongeza safu moja kwenye jedwali: ni risasi kiasi gani lazima iwe imeyeyuka ili fosjenaiti ianze kuganda pale mpakani na serusaiti?

Kwenye maji ya bahari, risasi huru inayohitajika ni chini ya miligramu 1 kwa lita. Kwenye maji baridi ya kawaida (yasiyo ya chumvi), yenye kloraidi ya miligramu 35 kwa lita, mpaka unashuka hadi karibu pH 3.9, na risasi inayohitajika ni zaidi ya gramu 40 kwa lita.

Gramu 40! Hakuna mto wala chemchemi ya maji baridi inayobeba hivyo. Kila ukipunguza kloraidi mara 10, unahitaji risasi mara 100 zaidi. Hapo ndipo uhaba unapotoka. Dirisha lipo kila mahali kwenye karatasi, lakini kwenye maji baridi linafunguka mahali ambapo risasi haiwezi kufika kwa wingi unaotakiwa. Kwenye maji ya chumvi linafunguka usawa wa ardhi.

Hili ndilo jibu la swali la tarehe 6 Februari, na nimeridhika nalo kuliko nilivyotarajia.

17 Machi

Chati isiyolingana na dunia ni mapambo. Leo nimechukua mahali ambapo fosjenaiti imeripotiwa, nikaangalia kama pana chumvi.

Lavrion, Ugiriki, ndiyo kesi nzuri kuliko zote. Waathene wa kale walichimba na kuyeyusha mtapo wa risasi na fedha pale, na mabaki ya matanuri yao yaliishia ufukweni, yakaoshwa na bahari kwa zaidi ya miaka 2000. Ndani ya matundu ya mabaki hayo yenye povu yameota madini ya kloraidi ya risasi ya kila namna: laurionaiti, ambayo inabeba jina la mahali hapo, paralaurionaiti, fidleraiti, penfildaiti, na fosjenaiti. Kundi hilo linapendeza kwa mujibu wa chati. Tundu moja dogo lililofungika, ambako hewa ukaa imeshatumika, litatoa laurionaiti. Tundu la jirani linalopata hewa litatoa fosjenaiti. Majirani wawili wanaotenganishwa na mstari mmoja ulionyooka.

Bourbonne-les-Bains, Ufaransa, ni ushahidi wa aina nyingine. Ni chemchemi ya maji ya moto yenye chumvi, iliyotumiwa na Warumi kwa kuoga. Katika karne ya 19 mwanajiolojia Auguste Daubrée alieleza madini yaliyokuwa yameota juu ya vitu vya metali vilivyoachwa humo na Warumi, na fosjenaiti ilikuwa miongoni mwake, kwenye risasi. Hapo hakuna mgodi. Kuna risasi, maji ya chumvi, hewa ukaa na muda. Jaribio zima lilifanyika lenyewe, na tunajua lilianza lini kwa kadirio la karne.

Derbyshire, Uingereza, mgodi wa Bage ulitoa fosjenaiti pamoja na matlokaiti, PbFCl, ambako floraidi imeshika nafasi. Mgodi ule una florspa nyingi, hivyo floraidi haishangazi. Tsumeb ya Namibia nayo imo kwenye orodha, kama ilivyo kwenye orodha ya karibu kila kitu adimu.

Ila kesi niliyoipenda zaidi ni ya Silesia ya Juu, kusini mwa Poland, maeneo ya Tarnowskie Góry na Bytom. Huko hupatikana fuwele zenye umbo kamili la fosjenaiti, prizimu ya mraba na kona zilizokatwa, lakini ukizivunja ndani ni serusaiti tupu. Kwanza maji yalikuwa ya chumvi, fosjenaiti ikaota. Baadaye chumvi ikapungua au hewa ukaa ikaongezeka, ile hesabu ya tarehe 3 Machi ikaenda kinyumenyume, kabonati ikaingia, klorini ikatoka, umbo likabaki. Kwa mtu mwenye chati, fuwele kama hiyo ni kumbukumbu ya maji mawili tofauti yaliyopita mahali pamoja, moja baada ya jingine. Siku nitakayopata nafasi ya kuiona moja, mizani yangu itakuja nami: msongamano utasema 6.5 wakati macho yanasema fosjenaiti.

24 Machi

Nimeingiza ukurasa wa pembeni kwenye mradi, kuhusu wanja.

Mwaka 1999 Philippe Walter na wenzake walichapisha uchunguzi wa unga uliobaki ndani ya vyombo vya vipodozi vya Misri ya kale, vilivyohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Louvre, vya kati ya mwaka 2000 na 1200 KK. Walikuta galena na serusaiti, kama ilivyotarajiwa. Walikuta pia laurionaiti na fosjenaiti, kwa kiasi ambacho maumbile hayawezi kueleza. Hitimisho lao ni kwamba Wamisri walizitengeneza. Dioscorides na Pliny, waandishi wa karne ya 1 BK, wameacha maelekezo yanayolingana: oksidi ya risasi iliyosagwa, chumvi, maji, wakati mwingine magadi, na kumwaga maji na kuweka mapya kila siku kwa muda mrefu.

Kumwaga maji ndiko kulikonivutia. Oksidi ya risasi ikikutana na chumvi, inaacha nyuma sodiamu haidroksidi:

PbO + NaCl + H2O → PbClOH + NaOH

Maji yanazidi kuwa besi, pH inapanda, na muda si mrefu kazi inasimama. Ukimwaga na kuweka maji mapya ya chumvi, unairudisha pH chini na kuendelea. Watu hao hawakuwa na kipimo cha pH, lakini walijua kwa subira na uzoefu namna ya kukaa ndani ya dirisha. Magadi, ambayo ni kabonati, yalitoa kile kilichokosekana ili fosjenaiti ipatikane badala ya laurionaiti.

Mwaka 2010 uchunguzi mwingine, wa Tapsoba, Amatore na wenzao, ulionyesha kwamba kiasi kidogo mno cha laurionaiti huamsha seli za ngozi kutoa nitriki oksaidi, ambayo hushiriki katika kinga ya mwili. Nimeliandika hili kwa tahadhari kwenye ukurasa: si ruhusa ya kujipaka risasi. Wanja wenye risasi umeshawadhuru watoto wengi, na sumu yake haipungui kwa sababu jambo ni la kale.

31 Machi

Chati ya kwanza imekamilika: pH kwa mlalo, kloraidi kwa wima, hewa ukaa ikiwa asilimia 1. Eneo la fosjenaiti ni mkanda wa mshazari, serusaiti kulia, kotunaiti kushoto. Nimeweka juu yake mistari ya risasi inayohitajika, na hiyo ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aanze nayo, kwa sababu mkanda peke yake unadanganya: unaonekana kana kwamba jiwe hili lingeweza kutokea popote.

Chati ya pili, ya hewa ukaa dhidi ya kloraidi, iko nusu. Mstari wa laurionaiti tayari umechorwa.

Kazi inayofuata ni salfeti. Maji ya bahari yanayo, na galena inayooksidishwa hutoa zaidi, kwa hiyo anglesaiti lazima ipewe eneo lake upande wenye asidi, jambo litakalokula sehemu ya kushoto ya mkanda wangu. Hapo kotunaiti itabaki na kona ndogo tu, kama inavyostahili: huyeyuka kwa karibu gramu 10 kwa lita moja ya maji, na mvua moja nzuri huiondoa. Baada ya hapo nitaongeza hali ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa ajili ya Bourbonne.

Fuwele inarudi kwa mwalimu wiki ijayo, pamoja na kadi mpya ya uzito, msongamano na matokeo ya klorini.